Nzi wa Rafu ya Juu

Watu wa jengo lile walimwita Mama Macho, na jina hilo lilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa sifa. Alikuwa mtunzaji wa nzi katika maabara, na alipoinamia darubini aliwatenga majike na madume, wenye mabawa yaliyonyooka na wenye mabawa yaliyojikunja, kwa wepesi wa mtu anayechambua mchele. Upande wa pili ulisemwa akishatoka chumbani. Macho yale hayakupumzika hata nje ya darubini. Ukichelewa, aliangalia viatu vyako ajue umepita njia gani. Ukicheka, aliangalia unamcheka nani. Ukinyamaza, ndiyo kabisa.

Nzi wenyewe si wale wa jalalani. Ni vile vidudu vidogo vinavyozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi, ambavyo mtu huvipunga kwa mkono bila hata kuvitazama. Mama Macho alivifuga kwenye chupa za kioo zilizozibwa kwa pamba, chupa kwa mamia, kila ukoo na kibandiko chake. Mama yake mzazi, aliyeishi naye, hakuchoka kumtania.

"Watu wanafuga kuku wapate mayai," bibi kizee huyo alikuwa akisema. "Wewe mwanangu unafuga nzi upate nini?"

"Mayai, mama."

"Haya. Siku ukileta ya kukaanga, uniite."

Lakini mama yake alijua ule upande mwingine, ule ugonjwa wa kutomwamini mtu, ulitoka wapi, na juu ya huo hakutania. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka ile Mama Macho alipokuwa mke wa mtu, alikuwa na mume mcheshi, mtu wa watu, anayeingia nyumbani akicheka na kutoka akicheka. Siku moja Mama Macho alimpeleka binti yake kliniki, akakaa kwenye benchi karibu na mama mmoja asiyemfahamu, aliyempakata mtoto wa kiume. Mtoto yule alikuwa na sikio la kushoto lililokunjika kwa juu, kama ukurasa uliopinda. Mumewe alikuwa na sikio hilo. Binti yake alikuwa na sikio hilo. Mama Macho alilitazama mpaka muuguzi akamwita mara ya pili. Kuuliza zaidi kulikuwa ni kutimiza wajibu tu. Mume alikuwa na nyumba ya pili mitaa miwili kutoka kwao, na muuza duka alijua, na majirani walijua, na wifi yake aliyekuwa akija kula kwake kila Jumapili alijua. Aliyekuwa hajui ni yeye peke yake.

Alimwacha yule bwana, akamlea binti, akajiapia kwamba hatafanywa mjinga tena. Tangu hapo, kila anayecheka sana alimtilia shaka.

Basi katika maabara ile aliyecheka kuliko wote alikuwa Mzee Molasi.

Huyu alikuwa mpishi. Jiko lake lilikuwa mwisho wa ukumbi, lenye sufuria ambayo mtoto mdogo angeweza kuogea, na humo alipika chakula cha nzi: unga wa mahindi, hamira, molasi, na unga wa kugandisha. Alikoroga, akamimina kwenye chupa, akaacha kigande. Kutwa nzima aliimba. "Wateja wangu hawajawahi kulalamika chumvi," alimwambia kila mgeni, na kila mgeni alicheka. Mama Macho alikuwa ameusikia mzaha huo kwa miaka, na kila mara alijiuliza mtu mzima ana furaha gani hiyo ya kila siku.

Mwaka huo alikuja mtafiti mpya, mwanamke kijana aliyetoka kusoma ng'ambo. Kila mtu alimwita Daktari tu. Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na hakuwa na majivuno. Wiki ya kwanza alimketisha Mama Macho mbele ya darubini akamwonyesha anachokitafuta.

"Unaona nini, mama?"

Mama Macho aliona kiinitete, yai la nzi lililoanza kuwa kiumbe, dogo kama punje ya chumvi, limetiwa rangi. Mwilini mwake ilipita mistari saba ya zambarau, imepangika kama ya punda milia.

"Mistari," alisema. "Nimeiona miaka yote. Huyu ataota vipande vya mwili hapo."

"Ndiyo. Sasa sikiliza. Kila seli ya huyu mdudu ina jeni zilezile. Ya kichwani na ya mkiani, hazina tofauti. Kwa hiyo jeni inajuaje pa kuwaka na pa kuzima? Mama nzi ndiye anayeanza. Kabla hajataga, anaacha maagizo mbele ya yai na mengine nyuma. Maagizo hayo yanawasha jeni za kwanza, hizo zinawasha nyingine na kuzima nyingine, mpaka mistari inachoreka. Na kila jeni ina swichi zake pembeni. Swichi ndiyo inayosoma hapa ni wapi."

"Kama swichi ya taa."

"Kama ya taa. Lakini kuna jeni moja, moja ya zile za kwanza, ina swichi mbili zinazofanya kazi ileile. Mbili, mahali pamoja, kwa kazi moja! Mimi nimeikata moja. Nataka nijue nzi atapungukiwa nini."

"Na amepungukiwa nini?"

Daktari akacheka. "Hana alichopungukiwa. Mistari yote saba ipo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Ukoo huo wa nzi waliokatwa swichi ukakabidhiwa kwa Mama Macho. Aliuweka kwenye kabati la joto, lile kabati kubwa lenye kipimo mlangoni, ambamo nzi hukaa katika joto moja mwaka mzima. Aliupenda kwa namna yake, kwa sababu alikuwa ameaminiwa kuutunza.

Kisha likaja juma la jua kali, umeme ukawa unakatika na kurudi. Siku zilizofuata Daktari alipotia rangi viinitete, alikuta vichache vimeharibika. Mstari wa nne ulikuwa umefifia, na wa tano umeungana na wa sita. Si vingi. Daktari alikunja uso, akasema labda ni rangi, akaendelea na kazi.

Mama Macho hakuendelea. Alikwenda kuangalia nzi wa kawaida, wale wasiokatwa kitu, waliokaa kabati lilelile na kula chakula kilekile. Viinitete vyao vilikuwa safi. Mistari saba, imenyooka.

"Ingekuwa ni umeme, wangeharibika wote," alijiambia. "Hapa kuna mkono wa mtu."

Na mtu huyo hakuchukua muda kujitokeza. Saa ya chakula cha mchana, wenzake wakiwa nje, Mama Macho alirudi kuchukua mtandio wake akamkuta Mzee Molasi anatoka chumba cha nzi, mkono mmoja mfukoni, jasho usoni. Mpishi hakuwa na kazi humo. Alikuwa akiacha chupa mlangoni, basi.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Napoa tu, dada. Jikoni ni moto, hapa kuna ubaridi." Akacheka, akaenda zake akiimba.

Siku nyingine, akiwa ukumbini, alisikia mlango wa friji ndogo ya chumba kile ukifungwa taratibu, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kusikika. Alipoingia, Mzee Molasi alikuwa amesimama katikati ya chumba akitazama dari. Hakucheka siku hiyo. Alisema amekuja kuangalia kama hamira inatosha. Mama Macho alifungua friji baada yake, akakuta sahani za maji ya zabibu yaliyogandishwa, ambazo nzi hutagia, na kopo la hamira, kama kawaida. Akaangalia kabati. Chupa za Daktari zilikuwa rafu ya chini, mbele kabisa, mahali ambapo hata mtoto angezifikia.

Sababu aliipata bila kuitafuta. Daktari alikuwa amependekeza maabara inunue chakula cha nzi kilichokwisha kutengenezwa, cha unga wa kuchanganya na maji. Siku ileile Mama Macho alimsikia Mzee Molasi akimwambia mlinzi, "Hawa vijana watatuondoa mmoja mmoja. Subiri utaona." Mlinzi alicheka. Mama Macho hakucheka.

Nyumbani aliyamwaga yote mbele ya mama yake na binti yake, wakiwa wanamenya viazi.

"Umemwona akigusa chupa?" binti aliuliza.

"Baba yako nilimwona akifanya nini? Nilimwona anacheka."

Mama yake alitua kisu. "Mwanangu, utakuja kukituhumu hata kivuli chako kwamba kinakufuata."

"Na kweli kinanifuata, mama."

Jumamosi, jengo likiwa tupu, Mama Macho alikwenda kazini peke yake. Alizitoa chupa za Daktari pamoja na chache za nzi wa kawaida za kulinganishia, akapanda kiti, akazipanga rafu ya juu kabisa, nyuma, chini ya feni ya kabati, akazificha kwa makasha matupu. Rafu ya chini aliacha chupa nyingine zenye vibandiko vinavyofanana, kama mtego. Kila Daktari alipohitaji mayai, Mama Macho alizishusha mwenyewe, akazirudisha mwenyewe. Hakumwambia mtu, hata Daktari. Siri ya watu wawili si siri.

Uharibifu ukaongezeka.

Safari hii havikuwa viinitete vichache. Sahani baada ya sahani, mistari ilikuwa imekatika, mingine haipo kabisa, na mabuu waliototolewa walikuwa na pengo katikati ya mwili kama meno ya mtoto. Na nzi wa kawaida, waliokuwa rafu hiyohiyo, bega kwa bega na wale, walikuwa wazima. Mama Macho alipoliona hilo alirudia kuangalia mara ya pili. Kwa hiyo adui alikuwa ameijua siri. Alipanda hadi rafu ya juu, akachagua chupa za Daktari, akaziacha nyingine. Huyu hakuwa mtu wa mchezo.

Alianza kuja kabla ya wenzake, akakaa na mkoba mapajani akihesabu nani anaingia. Alitega uzi mwembamba kwenye mlango wa kabati. Uzi haukukatika, na badala ya kutulia alijisemea kwamba mtu anayejua kuuona uzi anajua pia kuurudisha.

Profesa, mkuu wa maabara, mzee mpole anayechukia ugomvi kuliko anavyochukia hasara, aliita mkutano Jumatatu asubuhi. Walikaa wote kuizunguka meza ndefu. Daktari alieleza, macho mekundu. Kazi yake yote ilikuwa inamponyoka na hakujua kwa nini. Profesa akauliza kama kuna aliyeona chochote.

Ulimi hauna mfupa. Mama Macho alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka.

"Mimi sipendi kumsema mtu, Profesa. Lakini kuna mtu anaingia chumba cha nzi wakati hakuna watu, na hana kazi humo. Nimemkuta mara mbili. Na nzi wanaoharibika ni wa Daktari peke yao, ambaye alitaka chakula kinunuliwe nje."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Vichwa vyote viligeuka.

Mzee Molasi alikuwa ameshika kofia yake. "Mimi?" alisema, na tabasamu lilibaki mdomoni kwa muda kwa sababu halikujua pa kwenda. "Dada, mimi nimewapikia nzi hawa tangu Profesa hajaota mvi."

"Ulikuwa unafanya nini humo, mzee?" Profesa aliuliza kwa upole.

Mzee alitazama upande wa mlango.

"Jibu tu, tumalize."

"Nilikuwa na shughuli yangu," Mzee Molasi alisema. "Si ya kudhuru mtu."

"Shughuli gani?"

Alikodolea meza macho, akaipindapinda ile kofia, na Mama Macho aliyaona mabega yake yakishuka. Mabega hayo alikuwa ameyaona kwa mwanamume mwingine, siku aliyomuuliza kuhusu sikio la mtoto. Akasema moyoni: nimempata.

Profesa alimwambia mzee akapumzike nyumbani mpaka jambo lichunguzwe. Mlinzi, yuleyule rafiki yake, ndiye aliyemsindikiza getini, na mzee hakuruhusiwa kupitia jikoni wala popote.

Siku zilizofuata Mama Macho alipika chakula cha nzi mwenyewe. Kilitoka na mabonge, kikaungua chini, na chupa za kwanza zikaota ukungu. Wenzake walimsifu kwa ushujaa wake, lakini alipoingia kwenye chumba cha chai maongezi yalikatika. Aliona wanavyofunika vikombe vyao kwa viganja, kwa utani, kana kwamba hata chai yao angeipeleleza, akajifanya hakuona. Lililomuuma zaidi lilikuwa jingine. Mzee Molasi hayupo, ufunguo wa chumba cha nzi anao yeye, chakula amepika yeye, na bado mistari ilikuwa inapotea.

Akaanza kumtazama Daktari. Kwani nani mwingine alibaki? Labda kazi yake ilikuwa mbovu tangu mwanzo na anatafuta wa kumbebesha. Labda ndiye anayeharibu mwenyewe. Mama Macho alikuwa anaosha sahani, mgongo kwa mlango, akiligeuza wazo hilo, Daktari alipoingia na kusimama.

"Mama Macho. Nimefungua kabati. Chupa za rafu ya chini si zangu. Vibandiko vinafanana lakini si zangu. Zangu ziko wapi?"

Mama Macho alizima bomba.

"Nakuuliza kwa heshima. Jumamosi moja mlinzi alikuona umeingia peke yako. Ulikuwa unafanya nini?"

Alifungua mdomo, na jibu la kwanza lililomjia ulimini lilikuwa lilelile: nilikuwa na shughuli yangu. Alilimeza. Uso ulimwaka. Hakuwa na kosa, alijua hakuwa na kosa, na bado kila alichotaka kukisema kilisikika kichwani mwake kama uongo. Kijana yule alikuwa akimwangalia mikono, kisha macho, kisha mikono tena. Mama Macho aliijua namna hiyo ya kutazama. Ilikuwa yake.

"Nilizificha," alisema mwishowe. "Nilizipandisha juu asizifikie."

"Juu wapi?"

Alimwonyesha. Daktari alipanda kiti, akaondoa makasha, akaingiza mkono mpaka nyuma. Akautoa. Akauingiza tena. Kisha akaomba kipimo cha joto, akakiweka pale juu, wakafunga mlango, wakasubiri. Kipimo cha mlangoni, ambacho waya wake uliishia rafu ya chini, kilionyesha joto lilelile la siku zote. Kile cha juu kilisoma vingine. Mota ya feni ilikuwa imechoka, na juma lile la umeme kukatika ndilo lililoimalizia nguvu. Ilikuwa inapika rafu ya juu polepole kama jiko la makaa lililofunikwa.

"Ni joto," Daktari alisema. "Siku zote ni joto."

"Lakini wale wengine wako hapohapo! Mbona wao wazima?"

Daktari alibaki juu ya kiti, kisha akashuka taratibu na kuketi. Hasira ilikuwa bado usoni mwake, lakini kitu kingine kilikuwa kinapenya.

"Kwa sababu wao wana swichi mbili," alisema. "Wakati joto ni la kawaida, moja inatosha. Ndiyo maana nilikuwa sioni tofauti. Joto likipanda, moja inalegea, na ile ya pili inashikilia. Wangu niliwanyang'anya ya pili. Ndiyo kazi yake, mama! Inangoja siku mbaya."

Alianza kusema kwa kasi, kwamba itabidi warudie yote kwa mpango, joto la kiasi hiki na la kiasi hiki, nzi hawa na wale. Mama Macho alimsikia kwa mbali. Yeye alikuwa na swali jingine, nalo lilimjia kwa sauti ya mtu anayegonga mlango. Kama hakukuwa na mwizi, Mzee Molasi alikuwa anafuata nini kwenye chumba kile?

Alikwenda kwenye friji ndogo. Mlangoni palikuwa na tangazo alilolibandika yeye mwenyewe mwaka uliopita, kwa mwandiko wake: chakula na dawa za watu haviruhusiwi humu. Alitoa kopo la hamira, lile kubwa la akiba ambalo hakuna aliyelifikia isipokuwa mpishi, akalimimina lote kwenye karatasi. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, vilikuwemo vichupa viwili vya insulini vyenye kibandiko cha duka la dawa. Jina lilikuwa la Mzee Molasi.

Aliketi sakafuni. Mtu anayepika molasi kutwa na hawezi kuilamba. Ametolewa getini na mlinzi, na dawa yake imebaki hapa.

Hakuomba ruhusa. Alifunga vichupa kwenye taulo pamoja na barafu, akamuuliza mlinzi nyumba iko wapi. Mlinzi alimwelekeza bila kumtazama usoni.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, bati limeshika joto la mchana. Mke wa mzee alifungua mlango, mwanamke mnene mwenye uso wa kukesha.

"Wewe ndiye Mama Macho."

"Ndimi, mama. Shikamoo."

Mwanamke hakuitikia. Aliangalia taulo, akalipokea, akalifungua. Ndipo alipomsogezea kiti, si kwa ukarimu, bali kama mtu anayemwambia shahidi akae.

"Kliniki walimwambia asubiri tarehe yake ya kupewa nyingine," alisema. "Mgonjwa mwenzake mmoja akamgawia dawa kidogo. Hatuna friji, tumeiweka hapo." Pembeni palikuwa na chungu kimezikwa nusu ndani ya mchanga uliolowa, kimefunikwa kwa gunia bichi. "Na joto hili. Juzi tumempeleka hospitali hajui jina lake. Karudi jana."

Mzee Molasi alikuwa amelala chumba cha pili, amekonda shingo. Alipomwona hakuimba wala hakucheka, na Mama Macho, aliyekichukia kicheko kile miaka yote, alitamani akisikie.

"Imejulikana," alisema. "Ilikuwa joto la kabati. Si wewe. Hakuna mtu."

"Mimi nilijua si mimi," mzee akajibu.

"Kwa nini hukusema? Neno moja tu, mzee!"

"Ningesema nini? Mpishi ana sukari? Nimebakiza muda mfupi nistaafu. Wangenitoa kabla, wakasema niende nikatibiwe. Na tangazo la friji ile nani aliliandika?"

Mama Macho aliinamisha kichwa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mke alisema kutoka mlangoni. "Nilimwambia mara ngapi."

"Nisamehe, mzee," Mama Macho alisema. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Nilikuona unacheka, nikakufananisha na mtu."

"Huyo mtu alikukosea?"

"Sana."

Mzee alijiinua kidogo kwa kiwiko. "Basi mimi nimelipa deni lake. Sikiliza, dada. Hapa umekuja kuniomba radhi chumbani kwangu, hakuna anayesikia isipokuwa mke wangu. Kule ulinisema mbele ya meza nzima. Kanisafishe palepale uliponichafulia. Halafu ndiyo uje uniulize kama nimekusamehe."

Alikwenda. Safari hii yeye ndiye aliyemwomba Profesa aite watu, akasimama wakati wengine wameketi. Alikuwa amepanga maneno, yakamkimbia. Alisema tu kwamba alimtuhumu mtu kwa sababu ya tabasamu. Kwamba nzi waliharibika kwa mkono wake mwenyewe, alipowaficha mahali pa moto na kumficha kila mtu habari hiyo. Kwamba Mzee Molasi alitolewa getini bila dawa yake, na nusura afe. Kuhusu dawa alikuwa ameomba idhini ya mzee kwanza. Mlinzi, aliyesimama mlangoni, alivua kofia na kuivaa tena. Daktari ndiye aliyeinuka na kumvutia kiti akae.

Profesa alimrudisha mzee kazini mara alipopata nguvu, na akanunua friji ndogo ya chumba cha chai, ambayo mtu yeyote angeweza kuweka dawa yake humo bila kuulizwa. Feni ya kabati ilibadilishwa, na kila rafu ikapata kipimo chake. Daktari alirudia kazi yote kwa mpango, miezi mingi, na mistari ikasema jambo lilelile kila mara: penye joto la kawaida swichi moja inatosha, joto likizidi zinahitajika mbili. Kazi hiyo ilimpa heshima kubwa. Mpango wa kununua chakula cha unga aliufuta mwenyewe, baada ya kuona ukungu wa chupa za Mama Macho.

Na Mama Macho? Hakugeuka malaika. Macho yake yaliendelea kutazama viatu vya waliochelewa. Lakini alijifunza kitu kimoja kigumu, kumuuliza mtu kabla ya kumhukumu, na alikifanya vibaya, kwa sauti kali, kama mtu anayesema lugha ya kigeni. Binti yake alipoanza kupata simu alizokwenda kuzipokea uani, Mama Macho alimfuata hadi uani na kumuuliza waziwazi, "Ni nani?" Binti alishangaa hata akajibu ukweli.

Kwa Mzee Molasi mambo hayakurudi yalivyokuwa. Alimsalimia, alimpa chupa zake, akaimba na wengine. Mzaha wa chumvi hakumfanyia tena. Ilipita nusu mwaka hivyo. Siku moja, kustaafu kwake kukiwa kumekaribia, alimkuta Mama Macho amesimama kwenye mlango wa jiko, hajui kama aingie.

"Unatafuta nini?" mzee aliuliza.

"Nataka unifundishe. Ukiondoka watawalisha nzi mabonge."

Mzee alimwangalia, akamwangalia tena, kisha akamkabidhi mwiko mrefu na kumsogeza mbele ya sufuria.

"Koroga kwa chini," alisema. "Si hivyo. Kwa chini. Na mtu akikuita usigeuke, hata kama ni Profesa."

Mama Macho alikoroga. Mvuke ulimpanda usoni, mwiko ukawa mzito, na nyuma yake alisikia mzee akifungua kabati, akihamisha vitu, akifanya jambo asiloliona. Shingo ilimwasha. Alikaza macho kwenye uji mpaka ukaanza kuvuta, na hakugeuka.